Nikola Tesla, Fundi wa Umeme

Ijuganyondo ni kata mojawapo ya mji wa Bukoba, katika nchi ya migomba na kahawa. Mtoto aliyelelewa huko huijua kahawa tangu mtini: huiona ikichumwa ingali nyekundu, ikianikwa juani hata maganda yake yakawa meusi na makavu, kisha ikipelekwa kukobolewa. Mjini Bukoba kuna viwanda vya kahawa, na kimojawapo ni kile cha TANICA, kinachoikaanga kahawa na kuigeuza kuwa unga uyeyukao katika maji ya moto. Mashine za kazi kama hiyo huzungushwa na mota za umeme. Mota ni mfano wa pipa dogo la chuma lililolala ubavu, lenye mbavu nyingi za nje za kupunguza joto, na katika ncha yake moja hutokeza mhimili unaozunguka.

Mlinzi wa mota hizo ni fundi umeme wa kiwanda. Asubuhi hupita mashine kwa mashine akisikiliza. Mota nzima huvuma kwa sauti moja isiyobadilika. Ikianza kukwaruza, beringi zake zimekauka grisi au zimelika. Huweka kiganja juu ya mbavu zake apate kujua kama joto limezidi. Kabla ya kufungua kitu chochote hukata umeme, huifunga swichi kwa kufuli ili mwingine asije akaiwasha, kisha huupima waya kwa kipimo chake, ahakikishe kwamba umekufa kweli. Mafundi wengi wamepoteza maisha yao kwa kuuamini waya wasioupima.

Fundi akiifungua mota iliyoharibika, huona ndani yake jambo la kushangaza. Nyaya ziletazo umeme zimefungwa katika ukuta wa pipa tu. Hakuna hata waya mmoja ufikao kwenye kitu kile kinachozunguka katikati, wala hakiguswi na kitu ila beringi mbili zinazokishika huku na huku. Hata hivyo umeme ukifunguliwa, kitu hicho huzunguka, tena kwa nguvu ya kusaga mawe. Mtu aliyeifikiria mota ya namna hii alikuwa mwenyewe fundi wa umeme, aliyepanda ngazi, akachafuka mafuta, akatengeneza dinamo za watu wengine kwa mshahara. Jina lake ni Nikola Tesla.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai, 1856, katika kijiji cha Smiljan. Nchi ile sasa huitwa Kroatia, lakini zamani hizo ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa padre wa Kanisa la Orthodoksi, na katika kanisa hilo mapadre huruhusiwa kuoa. Mama yake aliitwa Djuka. Mama huyu hakujua kusoma wala kuandika, lakini mashairi marefu ya kabila lake aliyashika kichwani bila kupoteza neno. Tena mikono yake ilikuwa ya fundi. Alibuni na kutengeneza vyombo vya kazi za nyumbani, akasokota uzi na kufuma nguo. Tesla alipokuwa mtu mzima mwenye sifa duniani, hakuacha kusema kwamba akili ya kubuni vitu aliirithi kwa mama yake.

Alikuwa na kaka mmoja, Dane, kijana mwenye akili kuliko wote nyumbani. Kaka huyo alikufa kwa ajali ya farasi Nikola akiwa bado mdogo, na tangu siku hiyo kila jambo jema alilolifanya Nikola liliwakumbusha wazazi wake yule aliyekufa. Kwa mtoto huo ulikuwa mzigo mkubwa.

Siku moja katika masomo yake alisoma habari za maporomoko ya Niagara, yaliyo katika mpaka wa Marekani na Kanada. Akawaza moyoni gurudumu kubwa likizungushwa na maji yale yaangukayo. Akamwambia mzee mmoja wa ukoo wake kwamba yeye atakwenda Marekani kulifanya jambo hilo. Lilikuwa neno la mtoto, na bila shaka mzee alilisahau.

Baba yake alitaka awe padre. Nikola alipomaliza shule mwaka 1873 na kurudi nyumbani, alikuta ugonjwa wa kipindupindu umeenea, naye akaugua mara. Alilala kitandani karibu miezi tisa, na zaidi ya mara moja watu walidhani anakufa. Katika saa mojawapo ya hatari alimwambia baba yake kwamba huenda akapona iwapo ataruhusiwa kusomea uhandisi. Baba akaahidi kumpeleka katika chuo kilicho bora kuliko vyote. Mgonjwa akapona, na mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Graz, katika Austria.

Huko Graz ndiko jambo la maisha yake lilikoanzia. Chuo kililetewa kutoka Ufaransa mashine mpya iliyoitwa dinamo ya Gramme. Ikizungushwa ilitoa umeme. Ikipewa umeme ilizunguka, yaani ikawa mota. Mwalimu wao, Jakob Pöschl, aliiwasha mbele ya wanafunzi, nayo ikaanza kutoa cheche nyingi. Sababu ya cheche ilikuwa hii. Umeme ulipaswa kufikishwa katika nyaya za sehemu inayozunguka, na njia iliyojulikana ilikuwa moja tu: kuweka juu ya mhimili pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, na kuikandamiza kwa brashi za chuma zilizokaa mahali pamoja. Pete ilipozunguka, brashi ziliruka kutoka kipande hata kipande, na kila ziliporuka, cheche zilitoka. Brashi zililika upesi. Pete iliungua. Mahali penye vumbi la unga au pamba, au katika machimbo yenye hewa ya kuwaka, cheche moja ilitosha kuleta msiba.

Kijana Tesla akainuka akasema kwamba pengine pete na brashi zaweza kuondolewa kabisa. Mwalimu hakumkemea, alifanya jambo zito zaidi. Alitumia somo zima kuwaonyesha wanafunzi wote kwamba haiwezekani, na kwamba bwana Tesla huenda akatenda mambo makubwa, lakini hilo hatalitenda kamwe. Kwa muda Tesla aliona haya akakubali, kwa kuwa mwalimu alikuwa mtu mwenye elimu kubwa, na hoja zake hazikuwa za kijinga. Kisha wazo likamrudia. Hakuweza kulitetea kwa hesabu wala kwa mfano, ila alijua tu kwamba ni kweli, na kujua namna hiyo humsumbua mtu kuliko kutokujua.

Haifai kuficha kwamba baada ya hapo aliharibikiwa. Mwaka wa kwanza alisoma mchana na usiku, akapita mitihani kuliko wenzake. Baadaye akaingia katika kamari, akala fedha alizotumiwa na wazazi, akaondoka chuoni bila kumaliza. Baba yake akafa mwaka 1879. Mwaka uliofuata Tesla akakaa Prague kwa muda akisikiliza mafundisho ya chuo kikuu, kisha mwaka 1881 akaenda Budapest, mji mkuu wa Hungaria, akapata kazi katika kituo cha simu kilichokuwa kikijengwa.

Mjini Budapest aliugua tena, mara hii ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hata mlio wa saa uliopigwa mbali ulimuumiza masikio. Alipopata nafuu, rafiki yake Antal Szigeti akawa akimtembeza jioni katika bustani ya mji. Jioni moja ya mwaka 1882, jua likitua, Tesla alikuwa akikariri mashairi aliyoyajua kwa moyo. Mara akanyamaza. Akaokota kijiti akaanza kuchora mchangani. Neno alilolitafuta miaka kama sita lilikuwa limemjia lote kwa mara moja.

Wazo lenyewe laweza kufahamika hivi. Mtu akizungusha sumaku kuizunguka dira, sindano ya dira huifuata sumaku hiyo duara zima, ingawa haikuguswa. Je, sumaku yaweza kuzungushwa bila mtu wala kitu kuondoka mahali pake? Tesla aliona kwamba yaweza. Umeme upitao katika koili, yaani waya uliosokotwa mizunguko mingi, huifanya koili kuwa sumaku. Basi zikipangwa koili kadhaa katika duara, na kila moja ikapewa nguvu kwa zamu, ya kwanza ikipungua na ya pili ikiongezeka, mvuto wa sumaku utahama kutoka koili hata koili, na kuzunguka duara lote, hali koili zenyewe zimetulia. Ni kama vijana walioketi duara wakipokezana kitu mkono kwa mkono: kitu huzunguka, lakini hakuna kijana anayeondoka kitini pake.

Ili kuleta zamu hiyo alitumia umeme ambao mafundi wengi wa siku zile waliudharau. Umeme huenda kwa njia mbili. Mkondo mnyoofu ni kama maji ya mto, huenda upande mmoja siku zote. Mkondo ugeukao huenda mbele na kurudi nyuma kama msumeno wa watu wawili. Katika nyaya za Tanzania hufanya hivyo mara 50 kila sekunde. Tesla akachukua mikondo miwili ya namna hii ya pili, mmoja ukitangulia kidogo na mwingine ukifuata, akaipeleka kila mmoja katika koili zake. Na kile kizungukacho katikati? Michael Faraday wa Uingereza alikuwa amekwisha kuonyesha tangu mwaka 1831 kwamba sumaku ikipita karibu na waya, huzaa umeme ndani ya waya huo. Kwa hiyo shaba iliyo katikati hupata umeme wake bila kuguswa, hugeuka kuwa sumaku, na hukokotwa na ule mvuto unaozunguka. Haiwezi kuufikia kamwe, kwa maana ikiufikia haitapata umeme tena. Hubaki nyuma kidogo siku zote. Katika mota nyingi za viwandani mvuto huzunguka mara 1500 kwa dakika, na mhimili huufuata kwa mizunguko 1400 na zaidi. Pete haipo. Brashi hazipo. Cheche hazipo.

Lakini mchoro wa mchangani hauzungushi kinu. Mwaka huo huo Tesla akahamia Paris, akaajiriwa na kampuni iliyojenga mitambo ya taa ya Thomas Edison, Mmarekani mashuhuri. Kazi yake ilikuwa kusafiri mahali palipoharibika, katika Ufaransa na Ujerumani, kutafuta ubovu na kuutengeneza. Mwaka 1883 akatumwa Strasbourg, mji uliokuwa wakati ule mikononi mwa Wajerumani. Mitambo ya taa ya kituo cha reli ilikuwa na nyaya mbovu, na siku ya kuifungua, mbele ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza, nyaya ziligusana na kipande cha ukuta kikaruka. Wajerumani wakakataa kuipokea mitambo ile. Tesla alikaa huko muda mrefu akirekebisha kazi ya wengine, akabishana na maofisa juu ya kila taa.

Alikuwa amechukua pamoja naye vipande vya chuma na waya. Mbele ya kituo palikuwa na karakana, na baada ya saa za kazi aliingia humo akatengeneza mota kwa mikono yake. Akaifungulia umeme, nayo ikazunguka, bila pete na bila brashi. Mtu wa kwanza duniani kuiona mota yake ikienda alikuwa yeye mwenyewe, katika karakana ya kuazima. Akawaonyesha matajiri wa mji. Hawakuwa na haja nayo. Aliporudi Paris kudai zawadi aliyoahidiwa kwa kazi ya Strasbourg, mkubwa wa kwanza alimpeleka kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, na wa tatu akamrudisha kwa wa kwanza. Hakupata kitu.

Mwezi wa Juni, 1884, alifika New York. Mfukoni mwake, kwa habari yake mwenyewe, mlikuwa na senti nne, mashairi kadhaa na hesabu za chombo cha kuruka angani. Akaingia kazini katika karakana ya Edison. Wakati huo meli ya abiria iitwayo Oregon ilikuwa bandarini imekwama, kwa sababu dinamo zake zote mbili zilikuwa zimekufa, na kuzitoa haikuwezekana kwa kuwa meli ilijengwa juu yake. Tesla akachukua zana zake jioni, akaingia melini, akazikuta koili zimekatika na nyingine zimegusana. Alifanya kazi usiku kucha akisaidiwa na mabaharia, na kulipokucha taa zilikuwa zikiwaka. Njiani kurudi akakutana na Edison, aliyedhani kwamba Mparisi huyu alikuwa amekesha mitaani. Aliposikia alikotoka, alikwenda zake kimya. Lakini akiwa mbali kidogo alisikika akimsifu.

Hata hivyo hawakukaa pamoja muda mrefu. Edison alikuwa ameweka mali yake yote katika mkondo mnyoofu, naye hakutaka habari za mkondo mwingine. Tesla alieleza baadaye kwamba aliahidiwa dola 50,000 iwapo atazitengeneza upya dinamo za kampuni, na alipomaliza akaambiwa ulikuwa mzaha. Wengine huitilia shaka habari hiyo, kwa kuwa kampuni haikuwa na fedha za kutupa kiasi hicho. Lililo hakika ni kwamba aliacha kazi baada ya miezi kama sita.

Watu wengine wakamsaidia kuanzisha kampuni ya taa za barabarani. Taa zikawaka vizuri, kisha wenye fedha wakamtoa katika kampuni yake mwenyewe. Hivyo wakati wa baridi ya mwaka 1886 kuingia 1887, mtu aliyejua lugha nyingi, aliyebeba kichwani mota iliyokwisha kuzunguka Strasbourg, alikuwa akichimba mitaro katika mji wa New York kwa dola mbili kwa siku. Alisema baadaye kwamba elimu yake yote ilimwonekea kuwa dhihaka. Inasemekana kwamba alimsimulia msimamizi wa mitaro habari za mota yake, na msimamizi akamjulisha kwa mtu wa kampuni ya telegrafu. Kwa vyovyote, mwaka 1887 mabwana wawili, Alfred Brown na Charles Peck, walikubali kumjengea karakana.

Peck hakuwa na hakika na mkondo ugeukao. Basi Tesla alichukua yai lililofunikwa shaba, akaliweka juu ya ubao ambao chini yake zilifichwa koili zake. Alipofungua umeme, yai likaanza kuzunguka, likazidi, mwisho likasimama wima juu ya ncha yake, na hapakuwa na kitu kilicholigusa. Baada ya hapo fedha hazikuchelewa.

Tarehe 1 Mei, 1888, serikali ya Marekani ilimpa hati za haki juu ya uvumbuzi wake, na tarehe 16 mwezi huo akaueleza mbele ya chama cha wahandisi wa umeme. Haki inataka isemwe kwamba Galileo Ferraris, mwalimu wa Turin katika Italia, alikuwa amelifikia wazo lile lile kwa njia yake mwenyewe, na alilitangaza miezi michache kabla. Tena mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyefanya kazi Ujerumani, aliitengeneza mota ya nyaya tatu, ambayo ndiyo iliyoenea viwandani. Fundi akitaka mota hiyo izunguke kinyume, hubadilisha nyaya mbili tu kati ya zile tatu, na mvuto hugeuka njia. Mambo makubwa ya ufundi mara nyingi huwa na baba zaidi ya mmoja.

Mwenye kiwanda George Westinghouse wa Pittsburgh akazinunua haki za Tesla kwa fedha, kwa hisa, na kwa ahadi ya dola 2.50 kwa kila nguvu ya farasi mmoja ya mota zitakazouzwa. Tesla akakaa Pittsburgh karibu mwaka mzima pamoja na wahandisi, wakigombana mara nyingi, maana mitambo ya kampuni iligeuza mkondo mara 133 kwa sekunde, kasi isiyoifaa mota yake. Mwisho wakachagua mara 60, na Marekani wanaitumia hesabu hiyo hata leo. Muda si mrefu kampuni ikaingia katika shida ya fedha, na wakopeshaji wakadai ule mkataba uondolewe. Tesla akaiacha ahadi ya dola 2.50. Kama angaliishika, angalikuwa tajiri kupita kiasi. Lakini kama kampuni ingalianguka, mota yake ingalianguka nayo, na hilo aliliogopa kuliko umaskini. Mtu aweza kumwona mpumbavu kwa tendo hilo. Yeye hakujuta hadharani.

Mwaka 1893 maonyesho makubwa ya Chicago yaliangazwa kwa mkondo ugeukao, na watu waliliona lile yai la shaba likisimama. Mwaka huo huo kampuni ya Westinghouse ilipewa kazi ya kujenga mitambo ya umeme ya Niagara. Mkondo mnyoofu wa siku zile haukuweza kusafiri mbali. Baada ya kilometa mbili hivi nguvu zake zilipotea njiani. Mkondo ugeukao huweza kupandishwa kwa transfoma uwe na volti nyingi, ukasafirishwa mbali kwa waya mwembamba, kisha ukashushwa mahali pa kazi. Mitambo ilianza kufanya kazi mwaka 1895, na baada ya usiku wa manane kuingia tarehe 16 Novemba, 1896, umeme wa maporomoko ulifika mji wa Buffalo, umbali wa kilometa 40 na zaidi. Gurudumu la yule mtoto wa Smiljan lilikuwa likizunguka.

Mabadiliko yaliyofuata viwandani yalikuwa makubwa. Kabla ya hapo kiwanda kilikuwa na injini moja kubwa ya mvuke. Injini hiyo ilizungusha mhimili mrefu chini ya dari, na kutoka mhimili huo mikanda ya ngozi ilishuka kwa kila mashine. Injini ikisimama, watu wote walikaa bure. Mikanda ilikamata nguo na mikono ya wafanyakazi, na wengine, pamoja na watoto, walikatwa viungo. Mota zilipokuja, kila mashine ilipewa yake. Mikanda ikashushwa, mwanga ukaingia, na mashine moja ikiharibika nyingine ziliendelea. Ndipo ulipoanza ufundi wa mtu yule apitaye asubuhi akisikiliza.

Hata Bukoba habari ni hiyo hiyo ya maji na waya. Maji ya mto Kagera huingia Ziwa Viktoria, na ziwa hutoka Jinja, uanzapo mto Naili. Huko Uganda bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulikuja kwa nyaya kutoka Uganda. Baadaye, katika maporomoko ya Rusumo, juu ya Kagera yenyewe, Tanzania, Rwanda na Burundi zilijenga pamoja kituo cha megawati 80.

Maisha ya Tesla baada ya Niagara yalikuwa marefu, lakini hayakuwa na utulivu. Karakana yake iliteketea kwa moto mwaka 1895 pamoja na vyombo na maandishi yake. Mwaka 1898 alionyesha watu mashua ndogo iliyoongozwa bila waya. Tangu mwaka 1901 alijenga mnara mkubwa karibu na New York, akitaka kupeleka habari, na hata nguvu za umeme zenyewe, duniani kote bila waya. Tajiri J. P. Morgan alitoa dola 150,000, kisha akakataa kuongeza. Mnara haukumalizika, na mwaka 1917 ulibomolewa kwa ajili ya madeni yake. Mwaka huo huo chama cha wahandisi kilimpa nishani ya heshima. Nishani hiyo iliitwa kwa jina la Edison.

Hakuoa. Alihama hoteli moja hata nyingine, mara nyingine akiacha deni, akazidi kutangaza vyombo ambavyo hakuna aliyeviona. Kila siku alikwenda kuwalisha njiwa wa mjini, na waliovunjika bawa aliwachukua chumbani kwake akawatibu. Tarehe 7 Januari, 1943, akafa peke yake katika chumba cha hoteli mjini New York, mwenye umri wa miaka 86. Watu kama 2,000 walikuja kumzika. Majivu yake yamewekwa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, katika nyumba ya kumbukumbu yenye jina lake.

Ubavuni mwa kila mota ya kiwanda hupigwa kibati chenye maandishi. Fundi husoma hapo volti, ampea na hezi, na maneno hayo yote ni majina ya watu: Volta wa Italia, Ampère wa Ufaransa, Hertz wa Ujerumani. Mwaka 1960 wataalamu wa vipimo waliliweka jina la Tesla pia kuwa kipimo, kipimo cha nguvu ya sumaku. Hilo halimo katika kibati. Nguvu inayopimwa kwa jina hilo imo ndani ya pipa, katika ule upenyo mwembamba kati ya koili na kitu kizungukacho.